Uwanja Usio na Basi ni Shamba la Lami

Niulizeni bei ya tiketi ya ndege kutoka Mwanza kwenda Dar es Salaam, nitawajibu kwa simu hii iliyo mkononi kabla chai haijapoa. Niulizeni mtu wa Rulenge, Ngara, atafikaje uwanjani kuipanda ndege hiyo, kwa gari lipi, kwa nauli ipi, aondoke saa ngapi. Hapo simu inanyamaza. Nauli halali inaishia stendi. Kutoka stendi mpaka mlango wa uwanja, anayejua bei ni mpiga debe, na bei yake hutegemea sura yako, saa yako na ukubwa wa begi lako.

Nimechoka kuisikia hadithi ya maendeleo ya kanda hii ikisimuliwa kwa kilomita za lami. Nazijua. Biharamulo hadi Bwanga ni kilomita 67, lami. Daraja jipya la Rusumo lilizinduliwa Aprili 2016 na marais wawili. Chato kuna njia ya kurukia ndege yenye urefu wa kilomita 3, na Air Tanzania ilianza kutua hapo Januari 2021. Daraja la Kigongo–Busisi, lililopewa jina la John Magufuli, lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025. Pale tulipokuwa tukisubiri kivuko hadi jua linatuhurumia, leo gari linavuka kwa dakika nne. Yote haya ni kweli, na yote ni mazuri. Wahenga walisema penye nia pana njia. Ngara na Biharamulo tumewapindua wahenga: njia ipo, nia ndiyo haipo.

Mwaka juzi nilimsindikiza shangazi yangu. Alikuwa na miadi ya moyo Dar es Salaam, na daktari alishasema safari ya basi la siku nzima na zaidi si ya mtu wa hali yake. Ukoo ukachanga. Tiketi ya ndege ikapatikana kwa bei nafuu kwa sababu tuliikata mapema. Tukajiona wajanja. Ndege ilikuwa ya saa nane mchana. Tukatoka nyumbani saa tisa usiku, bodaboda mbili, yeye mbele na mimi nyuma na begi, mpaka barabara kubwa. Basi la alfajiri lilikuwa limejaa. Tukaingia kwenye mchomoko, ile gari ndogo ambayo kwa sheria ni ya watu watano na kwa desturi ni ya watu wanane. Dereva alisema anakwenda moja kwa moja. Moja kwa moja ikaishia njiani, kwa sababu abiria wa mbele hawakutosha, naye akatuuza kwa mwenzake kama mifuko ya mkaa. Gari la pili likapata pancha. Gari la tatu tulikodi, na pesa ya kukodi ikakaribia nusu ya tiketi ya ndege.

Tulifika kaunta ikiwa imefungwa dakika ishirini zilizopita. Ndege ilikuwa bado iko pale chini, tunaiona kwa kioo, ngazi bado imeegeshwa. Kijana wa kaunta hakuwa mkorofi. Alitusikiliza, akatazama mfumo wake, akatikisa kichwa. Kaunta haina habari na pancha ya porini. Tiketi nafuu hairudishwi pesa. Ndiyo maana ikawa nafuu. Shangazi akakaa juu ya begi lake, akafungua kitenge, akajifuta vumbi la uso, akasema kwa upole ambao mpaka leo unanichoma: "Kumbe mwanangu, ndege ni ya watu wanaoishi uwanjani."

Dar es Salaam tulikwenda kwa basi. Safari ile ile aliyokatazwa na daktari.

Sasa najua nitaambiwa nini, kwa sababu nimekwisha kuambiwa. Nitaambiwa ndege ni anasa, na mkulima wa migomba na maharage asiyeweza kukodi gari hana haja ya kuruka. Anayesema hivyo hajawahi kukaa kwenye sebule ya kuondokea na kuwatazama watu wa kwetu. Aliyepo pale ni mgonjwa mwenye barua ya rufaa. Ni kijana aliyeitwa kwenye usaili keshokutwa. Ni mama anayewahi mazishi ya mwanawe. Ni mwalimu aliyekopa. Tajiri hana shida na makala hii: ana gari lake, ana dereva, na akichelewa anakata tiketi nyingine. Anayeumizwa na kukosekana kwa basi la uwanjani ni yule aliyejibana akapata tiketi ya bei ya chini, halafu akakuta kipande kifupi cha safari, kile cha chini, ndicho kinachomfilisi. Kwa hiyo msituambie kwamba usafiri wa kufika uwanjani ni suala la wenye nacho. Wenye nacho walishalitatua zamani, kila mmoja kwa funguo zake.

Hebu tuhesabu milango tuliyo nayo.

Mlango wa kwanza ni Bukoba, makao makuu ya mkoa wetu. Uwanja umekaa ukingoni mwa ziwa, njia yake ni fupi, na hali ya hewa ikichafuka rubani hana pa kujaribia bahati. Hatuwezi kuutaja bila kukumbuka tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air yenye watu 43 ilipoangukia ziwani ikijiandaa kutua; 19 walikufa, na waliotangulia kuwafikia ni wavuvi na mitumbwi yao. Uwanja mpya wa Omukajunguti kule Missenyi tumeusikia kwa miaka mingi kiasi kwamba waliousikia wakiwa shule ya msingi leo wanasomesha watoto wao.

Mlango wa pili ni Chato. Wazee wa Biharamulo wanacheka kwa huzuni hapa, maana Chato ilikuwa Biharamulo kabla ya kugawanywa na baadaye kupelekwa Mkoa wa Geita. Ni uwanja wa kisasa, tena ndio wenye kutajwa kila mara watu wanapotaka kubishana kuhusu siasa za nchi hii. Mimi sibishani na waliosema haukustahili kujengwa pale. Umejengwa. Swali langu ni dogo na la kishamba: mtu wa Nyakahura aupandie gari gani? Nendeni stendi ya Ngara, nendeni ya Biharamulo, mnionyeshe ubao ulioandikwa "Uwanja wa Ndege", wenye saa ya kuondoka na nauli yake. Mkiuona, nitakula makala hii bila chumvi. Uwanja ambao abiria wake anaufikia kwa kubahatisha ni shamba la lami. Limelimwa vizuri, limenyooka, halioti kitu.

Mlango wa tatu ni Mwanza, na huu ndio tunaoutumia hasa. Ngara, Benaco, Nyakahura, Lusahunga, Biharamulo, Bwanga, Katoro, Geita, Sengerema, daraja, halafu stendi ya Nyegezi. Hapo utadhani umefika. Bado. Nyegezi iko upande mmoja wa jiji na uwanja uko upande wa pili, Ilemela, baada ya Kirumba na Pasiansi. Aliyeshuka na begi na mgonjwa anavamiwa na madereva wanaojua kusoma macho ya mtu anayeangalia saa. Miaka yote tuliambiwa tatizo ni kivuko. Kivuko kilikuwa ndilo jibu la kila swali: basi limechelewa, kivuko, nauli iko juu, kivuko, hakuna ratiba, kivuko. Sasa kivuko kimepumzika na daraja la kilomita 3 limesimama. Mbona ratiba haijashuka pamoja na gari lililovuka? Wenzetu wa usafirishaji, kisingizio chenu kimezikwa Juni 2025. Tafuteni kingine, au tafuteni basi.

Mlango wa nne ndio unaotutia aibu kuliko yote, kwa sababu uko nje ya nyumba yetu. Ni Kigali. Kutoka Rusumo mpaka Kigali ni kama kilomita 160. Kutoka Rusumo mpaka uwanja wa Mwanza ni zaidi ya mara mbili ya hizo. Ukivuka daraja, magari yanahamia upande wa kulia, unapita Kibungo, Kayonza, Rwamagana, na unafika kwenye uwanja ambao ndege zake zinakwenda Ulaya na Ghuba. Lugha si kizuizi: Kihangaza chetu kinaelewana na Kinyarwanda na Kirundi, na Kiswahili ni lugha rasmi Rwanda tangu 2017. Kizuizi ni karatasi. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010, ikiahidi watu wasafiri huru. Tangu 2014 Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanatembeleana kwa kitambulisho cha taifa. Sisi hatukujiunga nao. Mtu wa Ngara anayeamka akiitazama Rwanda ng'ambo ya mto anahitaji pasipoti, ambayo ilipokuja ile ya kielektroniki mwaka 2018 ada yake ilikuwa shilingi 150,000, au ahangaikie hati ya dharura. Kitambulisho chake cha taifa, kile cha NIDA, ambacho alikipangia foleni kwa miezi, kinafaa kusajili laini ya simu. Kuvuka daraja la Rusumo hakifai.

Milango minne, na mwenye nyumba bado yuko nje anagonga.

Atakayesema eneo letu liko mbali mno na gumu kuhudumia, nitamrudisha mwaka 1994. Mwisho wa Aprili mwaka ule, karibu watu robo milioni walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa saa 24 au zaidi kidogo, wakikimbia mauaji ya Rwanda. Benaco, kituo cha barabarani, kikageuka kuwa moja ya kambi kubwa za wakimbizi duniani. Tuliokuwepo tunakumbuka. Dunia ilipotaka kufika Ngara, ilifika. Malori yalifika, waandishi walifika, na ndege ndogo zilitua kwenye uwanja wetu wa changarawe zikishusha wageni wenye vizibao. Hakuna aliyesema Ngara ni mbali. Umbali wetu umekuwa tatizo pale tu wenyeji walipotaka kutoka.

Ongezeeni na hili. Chini ya ardhi ya Kabanga, Ngara, kuna nikeli ambayo viwanda vya betri duniani vinaisubiri. Kampuni ya Tembo Nickel imeundwa, serikali ikiwa na asilimia 16, na mpango wa kusafisha madini hayo umewekwa Kahama, kwenye eneo la uliokuwa mgodi wa Buzwagi. Sina ugomvi na mpango huo. Kijiji kinachopata kazi kinapata pumzi. Lakini tazameni mpangilio wa mambo. Jiwe ambalo bado liko tumboni mwa ardhi limeshapangiwa litakwenda wapi na litashughulikiwa wapi. Binadamu anayetembea juu yake hajapangiwa basi.

Watu huniuliza njia rahisi ya kufika uwanjani ni ipi. Ninazo mbinu, nami nitawapa bure, maana nilizilipia. Usithubutu kukata tiketi ya ndege ya siku ileile unayotoka Ngara; toka siku moja kabla, ulale Mwanza kwa ndugu, na kama huna ndugu, chumba cha bei ya kawaida bado ni nafuu kuliko tiketi iliyoungua. Panda basi kubwa lenye tiketi iliyoandikwa nauli, hata kama mchomoko unakuapia kwa mama yake kwamba utawahi. Ukishuka Nyegezi, kataa teksi ya kwanza na ya pili, tafuta daladala za kuelekea Airport, begi ulibebe mapajani. Kama mko watatu au wanne, ulizeni kanisani au msikitini wiki moja kabla. Mara nyingi kuna mtu mwingine anakwenda kupokea mgeni, na gari la kuchangia watu wanne huwa halimuumizi mtu. Na ukinunua tiketi ya ndege, jumlisha nauli ya ardhini kabla ya kufurahia bei.

Mbinu hizo zinasaidia. Lakini nazisema kwa uchungu, kwa sababu ni akili za watu waliotelekezwa. Jirani akikuonyesha jinsi ya kukinga maji ya mvua kwa sufuria tisa, msifu kwa ujanja wake, kisha mwulize fundi wa paa yuko wapi.

Na paa si la dhahabu. Nairobi kwa miaka mingi matatu ya namba 34 imekuwa ikiwafikisha watu uwanja wa ndege wa JKIA, mchuuzi na mhudumu wa ndege wamekaa kiti kimoja. Dar es Salaam mtu anapanda daladala ya Gongo la Mboto, anashuka mbele ya uwanja wa Julius Nyerere, na barabara hiyohiyo imejengewa njia ya mwendokasi. Kwa hiyo nchi hii inajua jambo hili linavyofanyika. Inalijua vizuri sana pale watunga sera wanapoishi.

Ninachodai kinaingia kwenye karatasi moja. LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, iliundwa kwa Sheria Namba 3 ya mwaka 2019, na kazi yake ni pamoja na kutoa leseni za njia na kupanga nauli za mabasi kwa kilomita. Basi itangaze njia mbili: Ngara–Biharamulo–Chato uwanjani, na Ngara–Biharamulo–Mwanza uwanjani, zisiishie Nyegezi. Simaanishi mabasi ya viti sitini. Kosta moja inatosha kuanzia, ikiondoka kwa saa inayoendana na ndege, si kwa saa ya kujaa. Mwenye kosta ataogopa siku za abiria wanne. Hapo ndipo mkono wa umma unapohitajika. Kila abiria wa ndege za ndani amekuwa akilipa tozo ya huduma ya abiria, shilingi 10,000, ndani ya tiketi yake. Analipia jengo, taa na viti. Kipande kidogo cha tozo hiyo kikifidia viti vitupu vya kosta kwa mwaka mmoja wa majaribio, uwanja wenyewe utapata abiria ambao leo unawakosa. Mashirika ya ndege nayo yauze tiketi moja yenye vipande viwili, cha chini na cha juu, ili kosta ikipata pancha abiria apewe ndege inayofuata na asiambiwe kaunta imefungwa. Na wabunge wetu, wa Ngara na wa Biharamulo, siku wakisimama bungeni waulize swali la kitambulisho cha taifa na daraja la Rusumo bila kulizungushia shukrani za dakika tano.

Kabla hamjanishangilia, nina deni pia kwenu. Sisi wenyewe tumeyalea haya. Tunapanda mchomoko wa watu wanane tukijua ni wa watano, kisha tunamwombea dereva apite salama mbele ya trafiki. Tunalipa bei ya kutajiwa bila kudai tiketi. Mkutano wa kijiji ukiitishwa tunadai zahanati, shule na maji, na tunafanya vyema, lakini hatujawahi kuinua mkono na kusema tunadai ratiba. Ratiba haionekani kama maendeleo kwa sababu haiwezi kukatiwa utepe. Haina jiwe la msingi. Hakuna mgeni rasmi atakayekuja kuizindua akiwa na kofia ya ujenzi. Ndiyo maana inaachwa, na ndiyo maana lazima sisi ndio tuipiganie, maana hao wenye mikasi ya utepe hawatufikirii jambo lisilo na utepe.

Shangazi yangu yupo, anaendelea na dawa, na miadi yake ya kurudi Dar es Salaam haiko mbali. Safari hii amekataa tiketi ya ndege kabla hatujamtajia bei. Anasema hana miguu ya kukimbizana na mlango wa kaunta. Ninambembeleza, namwambia mambo yamebadilika, daraja limefunguliwa. Ananiuliza swali moja tu, ambalo kila mwenye leseni, muhuri na bajeti katika nchi hii angepaswa kulijibu mbele yake: "Gari la kwenda huko linaondoka saa ngapi?"

Sina jibu. Nitakuwa nalo alfajiri ile nitakayosimama stendi ya Ngara na kumsikia konda akigonga bodi ya kosta na kuita, kwa sauti ileile anayoitia Benaco na Lusahunga: "Uwanja wa ndege, uwanja wa ndege, wawili bado!"